Mlango wa nyuma wa gari uligoma kufunguka nje na ndani, nilivyoufungua bila kuvunja kitu

Mlango wenyewe ni wa nyuma kushoto, ule wanaoshukia watoto. Siku hiyo nimefika nyumbani jioni na mama yuko nyuma, navuta hendo ya nje naona imelegea tu kama haijashika kitu, mama akivuta ya ndani nayo hamna, ikabidi ajiburuze na magoti yake yale yanayomsumbua akashukie upande wa pili. Iliniuma sana, na usiku nikawa nawaza ingekuwa gari limeshika moto je.

Kesho yake akaja fundi wa mtaani na mtaimbo, anataka kubinua mlango pale juu. Nikamwambia kaka subiri, tujue kwanza kilichogoma ni nini.

Nikakaa nyuma nikawa nasikiliza. Nikibonyeza seti loki, ile inayofunga milango yote kwa pamoja, nasikia inapiga tak, kwahiyo mota yake nzima. Hendo ya nje haina uzito kabisa, na kitasa kingekuwa kimeganda ingekuwa ngumu, kwahiyo hapo rodi, kale kachuma kanakounganisha hendo na kitasa, imechomoka. Sasa ya ndani kwanini haifungui? Ndo nikakumbuka loki ya watoto, kale kaswichi kalikopo ubavuni mwa mlango ambako ukishafunga mlango hukafikii tena. Kumbe kalikuwa kamefungwa labda siku nyingi, hatukujua kwasababu nje palikuwa panafungua, rodi ilipochomoka tu mlango ukabaki hauna pa kufungulia.

Dawa ikawa kutoa paneli ya ndani mlango ukiwa umefungwa, na hii ndo kazi maana nafasi hamna. Nilitoa kwanza sehemu ya kukalia ya kiti cha nyuma, bila hivo paneli haitoki chini. Skrubu zilikuwa mbili, moja imefichwa nyuma ya hendo, nyingine pale pa kuwekea mkono, halafu klipu za pembeni nikazibandua pole pole na bisibisi bapa niliyoizungushia kitambaa. Ndani kuna nailoni imegandishwa na gundi nyeusi, usiichane, inazuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Vaa mikono mirefu pia, bati la ndani linakata, mimi limenichana kiganja.

Nikamulika na tochi ya simu nikaiona rodi inaning'inia, klipu yake ya plastiki imepasuka. Nikapitisha bisibisi ndefu nikasukuma kile kidude cha kwenye kitasa ambacho rodi hukivuta, klak, mlango huo! Fundi mwenyewe akapiga makofi.

Klipu nilipata Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi elfu 2. Kitasa kilikuwa kimejaa grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi imekuwa kama lami, nikakisugua na mswaki na petroli, kikakauka, nikaweka grisi mpya.

Na hapa naomba mnielewe vizuri, USIFUNGE MLANGO kabla hujajaribu. Ukiwa wazi hivohivo sukuma ulimi wa kitasa na bisibisi mpaka ulie mara mbili, kisha vuta hendo uone kama ulimi unaachia. Rudia nje na ndani, loki ya watoto ikiwa imefunguliwa, funga seti loki ufungue, urudie tena. Mimi nilifanya kama mara 10 ndo nikaubamiza.

Baadae nikakagua milango mingine yote, wa nyuma kulia klipu nayo ilikuwa na ufa, nikaibadilisha siku hiyohiyo.