Basi ulikuwa unaniuliza nini?

Siku ya tano leo na sauti ya Zai, dada wetu wa kazi, haijanitoka. Baba Jamila amepata uhamisho wa Dodoma, wifi amekuja na ameshaondoka, lakini kinachonirudia ni kile cha Ijumaa barazani.

Mnanijua na Plato wangu, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Nilikuwa nimefika pale kwenye kitabu chake kiitwacho Meno, ambapo Socrates, mwalimu wake, anamwambia mtu aitwaye Meno amwite mmoja wa watumwa alioandamana nao. Anauliza kwanza: ni Mgiriki, na anasema Kigiriki? Kisha anamchorea mraba wa futi mbili kwa mbili, na kumtaka atafute wenye eneo maradufu. Basi mimi nami, wageni wamekaa, nikamwita Zai kutoka jikoni. Chaki mkononi.

Akasema upande uwe futi nne. Tukahesabu: eneo 16, nasi tunataka nane. Tatu je? Tisa. Makosa yale yale ya yule kijana mtumwa, kwa mpangilio ule ule! Wageni wakacheka. Nikapiga mstari kona kwa kona, swali baada ya swali, mpaka akaona kuwa mraba unaojengwa juu ya ulalo ndio wenye nane. Nikavimba kichwa.

Zai akajifuta chaki kwenye kanga.

"Mama, jibu ulikuwa nalo tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nalo."

"Basi ulikuwa unaniuliza nini?"

Akarudi kwenye ugali wake.

Tangu hapo namjibu kichwani, kwenye daladala, bafuni. Kwamba kijana yule mwanzoni alidhani anajua, na kukwama ndiko kulikomtia hamu ya kutafuta. Socrates mwenyewe anasema hivyo. Majibu mazuri, ila hakuna hata moja ninaloweza kwenda nalo jikoni. Meno alimlalamikia Socrates kuwa ni kama yule samaki jamii ya taa, ukimgusa unakufa ganzi. Socrates akasema sawa, mradi samaki huyo awe amejitia ganzi na yeye. Kuhusu wema ni nini, ni kweli, alikiri hajui. Lakini mraba? Mraba aliujua vizuri sana. Pale ganzi ilimpata kijana peke yake, na Plato hakumpa hata jina. Miaka 11 nafundisha hesabu, na hilo nimelionea kwa Zai.

Jana alikuwa anapiga pasi vitambaa vya meza.

"Mama, hiki nikikunja pembe zote nne zikutane katikati, kinabaki kiasi gani?"

"Nusu."

"Umejuaje?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikakichukua, nikakunja, nikakunjua. Kila mahali tabaka mbili, hakuna penye moja wala tatu. Nusu kweli. Na ulalo wa kile kilichokunjwa ndio upande wa kile kizima: mraba wangu wa Ijumaa huo huo, bila chaki!

"Kumbe ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Ningejua ningekuuliza?"

Tulicheka mpaka kitambaa kikanusurika kuungua. Nimekikagua tena usiku, peke yangu, kama mwizi.

Jamila bado anakohoa. Inazidi alfajiri, na sijui nitaombaje ruhusa wiki hii ya mitihani.