Siku moja maishani mwangu: pilau ya kuchangia Hanang

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Arusha, napika harusi, misiba, kipaimara, mahafali, popote wanaponiita. Siku nayotaka kuwasimulia ni Jumamosi tarehe 9 Desemba 2023, sikukuu ya Uhuru, wiki haijaisha tangu lile tope lishuke kutoka mlima Hanang, mkoani Manyara, alfajiri ya Jumapili na kuingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Mvua ilikuwa imenyesha sana, serikali ikasema sehemu ya mlima ilikuwa na mwamba dhaifu ulionyonya maji ukameguka, ndo tope na mawe na magogo vikateremka juu ya nyumba za watu. Waliofariki walifika zaidi ya 80. Sisi huku tukaitisha harambee ya chakula, sahani moja kwa shilingi elfu kumi.

Saa 10 alfajiri
Kuni zimeshika, majiko mawili ya mafiga, sufuria mbili za mchele kilo 20 kila moja. Kilo moja natoa sahani sita na bado mtu anashiba, kwa hiyo hapo nina sahani 240. Naanza na vitunguu, na hapa simwachii mtu mwiko. Kitunguu cha pilau hakitaki haraka, kikibaki cheupe pilau inapauka, kikipitiliza kidogo tu uchungu unaenda sufuria nzima na huwezi kuuficha hata umwage mdalasini kiasi gani, mimi nasubiri kifike rangi ya karanga iliyokaangwa ndo natia swaumu na tangawizi. Swaumu yetu nyingi huku inatoka Mbulu, na Mbulu na Hanang ni majirani, na ngano nayo Hanang wanalima sana, yani asubuhi ile kila nikishika kitu nawakumbuka wale watu.

Saa 12 asubuhi
Bizari nyembamba, iliki, karafuu, pilipili manga, nyama iliyokwishachemka, supu yake, mchele wa Mbeya. Ikikauka napalia makaa juu ya mfuniko, napunguza kuni chini. Vijana wananywa chai na maandazi kwa zamu.

Saa 2
Simu ya mjumbe mmoja wa kamati. Anataka meza ya wageni rasmi, sahani 30 bila malipo, na bia kidogo za kuwachangamsha. Nikamwambia shikamoo baba, nakuheshimu, ila hapana. Hesabu yangu ni hii: mchele tumepewa nusu, nyama tumepunguziwa bei, sahani imenigharimu kama elfu tatu, kwa hiyo kila sahani inayolipiwa inapeleka elfu saba Katesh, na kila sahani ya bure inaondoa ile elfu tatu kwenye hela ya watu waliofukiwa nyumba. Sahani za bure ndo zinaua harambee nyingi, nimeshaona shughuli watu wamekula wakashiba, muziki umepigwa, halafu kinachobaki hakijai hata bahasha. Mgeni rasmi ndo alipe wa kwanza, tena watu wamuone. Akanyamaza kidogo akasema haya mama, tufanye hivyo. Bia pia ikafutwa.

Saa 4
Vinywaji. Soda faida yake ndogo, unanunua kreti, unahangaika na chupa na barafu, mwisho wa siku umepata kidogo kwa kila chupa. Hela iko kwenye juisi. Ukwaju tuliuloweka jana usiku, tukachuja, sukari na tangawizi kidogo, na embe Desemba zimejaa soko la Kilombero hapa hapa Arusha, bei imeshuka. Maji ya juisi yote yamechemshwa yakapoa, hilo nalisimamia mwenyewe maana huwezi kuchangia maafa ukaumwisha watu matumbo.

Saa 6 mchana
Watu wameanza kuingia. Mpangilio wangu ni kwamba anayepakua hashiki hela, hela ina meza yake na lipa namba imebandikwa kwa maandishi makubwa, unalipa unapewa tiketi, tiketi ndo inakupa sahani, jioni tiketi na hela lazima visomane. Pilau, kachumbari, ndizi mbivu, pilipili pembeni. Mbuzi anachomwa upande wa pili, anauzwa kwa kilo. Mgeni rasmi amelipa kwanza, tena akalipia na za vijana wa bodaboda waliokuwa getini.

Saa 9
Mnada wa keki, hapa ndo raha. Mtu ananunua keki laki moja anairudisha, inauzwa tena, mwingine anaongeza anairudisha, keki ileile imezunguka uwanja mzima haijakatwa na kila mzunguko ni hela. Mama mmoja wa sokoni akatoa elfu tano yake, akasema mimi mnada siuwezi ila andikeni, na watu wakampigia makofi kuliko wa laki.

Saa 11
Sufuria ya pili imebaki ukoko tu. Tumehesabu hela pale pale hadharani, mweka hazina anasoma kwa kipaza sauti, matumizi yangu nayo yakasomwa mpaka kiberiti.

Saa 1 usiku
Kikao kifupi, tununue nini. Wengi wanasema unga na maharage. Nikaomba niseme kama mpishi. Aliyefukiwa nyumba amefukiwa na jiko pia, na watakaotoka kwenye zile kambi za waathirika mashuleni kurudi kuanza maisha unga watapewa na wengi, lakini watausongea wapi? Basi tukaandika orodha upya: sufuria na mifuniko, miko, visu, ndoo zenye mfuniko, majiko ya mkaa, mafuta ya kula, chumvi, viberiti, na unga ukafuata baada ya hapo. Mwenye fuso akasema atapita kupakia saa 11 alfajiri, mafuta ya gari juu yake.