Herufi moja kati ya Ndeeba na Bukoba

Kaka yangu alifariki Kampala Jumatano usiku, kiharusi. Tulimzika Ijumaa ya wiki iliyofuata, kijijini kwetu Bukoba. Watu huniuliza siku tisa zilikuwa za nini, wakati basi linalotoka Kampala asubuhi hufika Bukoba siku hiyohiyo. Jibu langu fupi ni herufi R.

Kaka aliishi Ndeeba, mtaa wa Kampala, zaidi ya miaka thelathini, fundi wa magari. Alioa Muganda, wakajaliwa mapacha, na tangu hapo jina lake la pasipoti likabaki kwenye pasipoti. Akawa Ssalongo, baba wa mapacha, na wifi yangu akawa Nnalongo. Mimi nauza vitenge soko la Owino, hukohuko Kampala, na hata mimi nikipiga simu gereji nilikuwa nauliza, "Ssalongo yupo?"

Alhamisi asubuhi tulianza na jambo ambalo hakuna ofisi inayolitolea fomu: azikwe wapi. Baba mdogo alipiga simu kutoka nyumbani. "Mwanangu, mwili uje. Hatumwachi ugenini." Wifi alikuwa amekaa pembeni yangu, akasikia. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Ndeeba, "Wifi, ugenini ni wapi? Hapa amejenga, hapa amezaa." Sikuwa na jibu. Tulikaa mpaka mchana, wazee wa mafundi wakaja, simu zikapigwa huku na huku. Mwishoni akakubali aende akalale kwenye kibanja cha baba yake, kwa sharti moja: avikwe lubugo, lile vazi la magome ya mti wa mutuba, kama mume wa Kiganda anavyovikwa na watu wake. Baba mdogo akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Hata babu yako alivaa magome. Mvisheni."

Kama unasoma haya kwa sababu yamekufika, malizeni hilo kwanza. Nimeona familia zikigombana mwili ukiwa tayari garini.

Habari ya ndege tuliijadili dakika kumi tu. Kwa ndege ni jeneza lenye bati la zinki ndani, mzigo kupimwa kilo, Entebbe hadi Dar es Salaam kisha kurudi tena Bukoba, wakati Bukoba na sisi tunatazamana ng'ambo ya mpaka. Tukaamua barabara.

Kwa kuwa alifia hospitali, polisi hawakuhusika. Angefia nyumbani au gereji ingebidi taarifa ianzie huko, na pengine mwili upasuliwe. Hospitali hutoa karatasi ya daktari yenye sababu ya kifo, nayo ndiyo unayopeleka NIRA, mamlaka inayosajili watu Uganda, ili upewe cheti cha kifo. Tulilipa deni la hospitali kwa mabugo, yaani rambirambi zilizoletwa na mafundi wenzake na wapangaji, nikachukua karatasi bila kuisoma. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimelia usiku kucha, nikaona muhuri, nikaona saini, nikaikunja.

Ijumaa asubuhi, NIRA, binti wa dirishani aliiweka karatasi kando ya pasipoti, akaitazama moja, akaitazama nyingine. "Nnyabo, hawa ni watu wawili."

Jina letu la ukoo linaanza na R. Kwa Kiganda hakuna neno linaloanza na R. R huja baada ya E na I, kwingine kote ni L. Karani wa hospitali alikuwa ameandika jina kama sikio lake lilivyolisikia: Ssalongo mbele, kisha jina letu, na L mwanzoni. Katikati pia kulikuwa na R nyingine, nayo ikageuzwa. Sikuweza hata kumkasirikia sana, maana Owino kwenyewe wananiita hivyohivyo na mimi huitika. Ila mtu hai akiitwa vibaya huitika, maiti haitiki, anaitikiwa na karatasi.

Nikarudi hospitali. Karani akataka kusahihisha kwa kalamu juu kwa juu. Nikakataa, na hilo ni moja ya mambo machache niliyoyafanya vizuri wiki ile: karatasi yenye mkwaruzo ingenirudisha palepale. Ilitakiwa fomu mpya, na daktari aliyesaini ya kwanza alikuwa ameshatoka zamu. Muuguzi mmoja mama wa makamo akaninong'oneza kwamba angerudi zamu ya usiku. Nikakaa kwenye benchi na pasipoti ya kaka mkononi mpaka saa tano usiku. Daktari alipokuja aliandika upya huku nikimsomea herufi mojamoja kutoka kwenye pasipoti, kama mwalimu wa imla.

Lakini ilikuwa Ijumaa usiku. Jumamosi na Jumapili tulikaa matangani Ndeeba, mwili mochwari, ada ya mochwari ikihesabika kila siku.

Wikiendi ile haikupotea yote. Mwili ulitiwa dawa tukapewa cheti chake. Bila hicho hakuna mpaka unaokupokea. Nikatafuta pia barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa. Akaiandika kwa moyo mweupe kabisa, akamwita marehemu Ssalongo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nilimwendea wakili, tukaandika hati ya kiapo kwamba Ssalongo wa Ndeeba na mwenye pasipoti ni mtu mmoja. Jumatatu nikapeleka vyote NIRA, Jumanne mchana cheti kikatoka. Nilikisoma pale dirishani mara tatu kabla ya kusogea.

Ubalozi wetu uko Kagera Road, Nakasero, na kusema kweli pale palinituliza, labda kwa sababu mtu wa kwanza kuniona alisema "Pole sana, dada" na akaketi. Walichukua nakala za cheti cha kifo, cheti cha dawa, na barua ya mtendaji wa kijiji iliyotumwa kwa picha ya simu, ikisema familia inamsubiri na mahali pa kuzika papo. Wakaifuta pasipoti. Jumatano alasiri barua ya kuruhusu mwili kusafiri ilikuwa mkononi.

Gari la msiba lilitugharimu zaidi ya shilingi milioni mbili za Uganda. Nilimuuliza dereva kama ana kadi ya njano, akanionyesha kwa fahari: bima ya gari ya kuvukia mipaka. Nikamwambia hiyo ni ya gari, nataka ya kwake, ya chanjo ya homa ya manjano. Hakuwa nayo. Ofisi yao ikatupa dereva mwingine, mwenye kadi zote mbili. Abiria nao waulizwe mapema. Chanjo ya siku ya safari haikusaidii, inahesabiwa baada ya siku kumi.

Wifi alimvisha lubugo mwenyewe kabla jeneza halijatiwa lakiri. Tukaondoka Alhamisi saa kumi alfajiri: Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, Lukaya, Masaka, Kyotera. Mapacha walilala njia nzima wakiwa wameegemea mabega yangu, kila mmoja upande wake.

Mutukula siku hizi ni kituo cha pamoja, tangu 2017. Ukitoka Uganda unamalizia yote upande wa Tanzania, maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Wa uhamiaji hawakutuchelewesha. Aliyetuchelewesha ni afisa afya. Uganda ilipata Ebola 2022, Kagera ikapata Marburg 2023, kwa hiyo yeye husoma sababu ya kifo kabla ya jina. Akasoma kiharusi, akalinganisha tarehe, akakagua lakiri, akauliza nani alimuuguza. Jeneza halikufunguliwa. Karatasi zote ziliandikwa jina moja, R mahali pake, na nilipoona kidole chake kikipita juu ya jina bila kusimama ndipo nikakumbuka kwamba sijala tangu jana.

Tulivuka daraja la Kyaka mchana. Kaka alikuwa mtoto wa shule majeshi ya Amin yalipoingia 1978 na daraja lile likalipuliwa. Pale gereji aliwatania wenzake miaka yote kwamba Uganda inadaiwa baiskeli ya baba yetu, na kwamba yeye amekuja Kampala kuidai. Mafundi watatu tuliokuwa nao garini walipoliona daraja, mmoja akasema, "Baiskeli hatujailipa, Ssalongo." Wifi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile.

Ijumaa asubuhi, kijana anayeandika msalaba alinifuata nyuma ya nyumba na kopo la rangi. Jina la ukoo alilijua tangu utotoni. Mapacha walikuwa wamemwomba aongeze neno mbele, na alitaka kujua Ssalongo ina S ngapi. Nikamwambia mbili.