Maji ya Dodoma yanaamuliwa baharini

Mbukwenyi wadau.

Mwezi wa kumi nilikuwa nyumbani kwetu upande wa Bahi, na kama kawaida ya mwezi wa kumi korongo lilikuwa mchanga mtupu, ng'ombe wanapita katikati yake kama barabara. Bibi yangu bado anachota pale. Anapiga magoti, anakwangua mchanga kwa bakuli la plastiki, wa juu unachoma kabisa, halafu unakuja wa baridi, halafu unakuja mweusi wenye unyevu, hapo anaacha anakaa pembeni kusubiri. Baada ya muda maji yanaanza kujikusanya chini kidogo kidogo, rangi ya chai ya maziwa, anateka kata ya kwanza anamwaga, ya pili anamwaga, ya tatu ndo inaingia kwenye ndoo. Dumu moja la lita 20 linachukua karibu saa nzima.

Bibi anahesabu miaka kwa kina cha hilo shimo. Mwaka wa Elinino, anasema, yaani ule wa 97 kuingia 98, korongo lilijaa mpaka watu wakakaa siku kadhaa ng'ambo hawawezi kuvuka, na kiangazi kilichofuata alikuwa akizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko tu, maji haya hapa. Safari hii shimo lilinifika kifuani, mimi ndo niliingia kuchimba yeye akakaa ukingoni ananielekeza. Na nikiwa mle ndani nikawa nawaza kitu ambacho kimenikaa kichwani muda mrefu, kwamba haya maji ya bibi, na hata ya bomba kule mjini, anayeamua yaje au yasije ni bahari. Bahari ambayo bibi hajawahi kuiona kwa macho yake.

Watu wa mjini mkisikia habari za korongo msijione mko mbali. Kwa miaka mingi mji wa Dodoma umeishi kwa visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na visima vile vina kitu ambacho sehemu nyingi za Afrika hazina, vipimo vya kina cha maji ya chini ya ardhi vya miaka 55, kuanzia miaka ya 1950. Watafiti walipokaa na zile namba wakakuta jambo ambalo bibi angewaambia bure. Maji ya chini hayaongezeki kila mwaka. Miaka mingi mvua inanyesha, mtama unaota, vumbi linatulia, lakini kule chini hakuna kinachoingia, kina kinashuka tu taratibu mwaka baada ya mwaka, halafu inakuja misimu michache ya mvua za kupitiliza ndo inajaza kwa mkupuo. Misimu saba tu iliyokuwa na mvua kubwa kuliko mingine ilileta kama asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia kwa miaka yote hiyo, na uliotia fora ni huohuo wa 97/98. Na mvua za namna hiyo zinaendana na Elinino, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, pamoja na joto la hii Bahari ya Hindi yetu. Nilivyosoma hilo nilinyanyuka nikaenda kufungua bomba, nikasimama pale naangalia maji yanavyotoka.

Kwa nini bahari iwe na nguvu kiasi hicho? Jibu mnalo wenyewe kama mmewahi kulala Dodoma mwezi wa saba, halafu usiku unaofuata mkalala Dar. Hapa kwetu mchana jua linachoma ila saa kumi alfajiri unatafuta blanketi la pili, Dar usiku joto linapungua kidogo tu. Ardhi kavu inapokea joto haraka na kuliachia haraka (na sisi tuko juu, kama mita 1,100 hivi, na hewa yetu kavu, hayo nayo yanachangia). Maji sio hivyo. Maji yanameza joto jingi sana kabla hayajapanda hata digrii moja, na yakishameza hayatapiki upesi. Mita tatu hivi za juu za bahari zina uwezo wa kubeba joto sawa na hewa yote inayoizunguka dunia, na bahari imefunika asilimia 71 ya dunia na kina chake kwa wastani kinakaribia kilomita 4. Kwahiyo lile joto la ziada linalonaswa na hewa ya ukaa kutoka kwenye makaa, mafuta na gesi inayochomwa duniani, zaidi ya asilimia 90 limeingia baharini. Hewa imebakiwa na kiduchu, na hicho kiduchu ndo kinatutoa jasho.

Sasa bahari iliyobeba joto haikai kimya. Hii ya kwetu ina tabia wanasayansi wanaiita daipoli, mimi naiona kama bembea. Kuna mwaka maji ya upande wa Afrika yanapata joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yanapoa, pepo zinageuka, mvuke na mawingu yanasukumwa kuja huku, wenzetu wa Indonesia na Australia wanabaki na ukame. Mwaka mwingine bembea inalalia kule na sisi ndo tunaangalia juu. Na Dodoma tuko nyuma ya milima, Ukaguru na Rubeho imesimama kati yetu na pwani inakamua mawingu kabla hayajatufikia, mwisho wa siku tunapata kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Disemba na Aprili. Mtu mwenye akiba ndogo hivyo bahari ikiyumba kidogo yeye anaona kikubwa.

Mwaka 2019 bembea ililalia upande wetu kwa nguvu mno. Australia misitu iliwaka, Afrika Mashariki tukafurika, na msimu ule ukawa hauishi mpaka mwezi wa tatu 2020 daraja la Kiyegeya kule Gairo likakatika na barabara ya Morogoro kuja Dodoma ikasimama. Mimi nilikwama Morogoro siku mbili na begi langu. Watu pale stendi walikuwa wanalaumu mkandarasi, wanalaumu dereva, wanalaumu kila mtu, hakuna aliyetaja bahari. Ila pia nisiwadanganye, hesabu hii haijanyooka, 2015 kulikuwa na Elinino kubwa sana kule Pasifiki, kila mtu huku akajiandaa kwa mafuriko ya 97 na hayakuja ya kiasi kile, kwa sababu Bahari ya Hindi yenyewe haikuunga mkono vile.

Barafu nayo imo. Saa nane mchana weka kiganja kwenye ukuta uliopakwa chokaa, halafu kiweke kwenye lami. Barafu yenye theluji juu yake ndo ukuta wa chokaa wa dunia, inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, na maji ya bahari yaliyo wazi hayarudishi hata asilimia 10. Barafu ya kule ncha ya kaskazini ikiyeyuka panabaki maji meusi, maji yanameza jua, yanapata joto, yanayeyusha barafu nyingine. Mtu akiniuliza mimi wa Dodoma barafu ya kaskazini inanihusu nini, ndo hapo inaponihusu, joto lile linaingia kwenye bahari na bahari zote zimeungana.

Halafu kuna barafu yetu wenyewe, ya Kilimanjaro. Mwaka 2000 watafiti walipanda na mitambo wakaitoboa, wakatoa nguzo za barafu zilizopangana tabaka kwa tabaka, na katikati wakakuta mstari wa vumbi wa kama miaka 4,000 iliyopita, alama ya ukame mkali uliochukua muda mrefu. Vumbi la Afrika limehifadhiwa kwenye barafu ya Afrika, naomba mlifikirie hilo. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imeshapotea. Wengi wanahuzunika kwa sababu ya picha na watalii, mimi naumia zaidi kwa sababu lile ni daftari la mvua zetu na linachanika kabla hatujamaliza kulisoma.

Na kuna jambo linaninyima usingizi zaidi ya yote. Hewa ikiongezeka joto digrii moja inabeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi, kwahiyo mvua ikija inakuja kwa kishindo, na katikati kunakuwa na majuma ya jua kali. Kwa visima vya Makutupora hiyo inaweza kuwa nafuu, si tumeona vinajazwa na mvua za kishindo? Lakini kwa shamba la bibi ni msiba, mtama unataka mvua ya kuja kidogo kidogo kwa wakati wake, ukikaa wiki tatu bila tone umekauka, na ile mvua kubwa ikifika inakuta udongo tu wa kubeba. Wingu lilelile linajaza kisima na kuacha ghala tupu. Na hata hicho kisima, sensa ya 2012 Dodoma mjini tulikuwa kama laki 4, ya 2022 tumepita laki 7 na nusu, wote tunavuta maji ambayo yaliingia kwa misimu ya kuhesabu kwa vidole. Kwa maoni yangu lile bonde la Makutupora linatakiwa kulindwa kuliko jengo lolote la mji huu.

Siku hizi Novemba ikikaribia bibi ananipigia mwenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa inakuwa imeshatoa utabiri wa msimu kwa mikoa yetu yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, namsomea taratibu, namwambia na upande wetu wa bahari uko wa joto au umepoa. Safari hii alisikiliza kimya mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mjukuu wangu, hiyo bahari imesemaje, nipande mtama au uwele?" Nikamwambia wanasema mvua zitachelewa na zitakuwa chini ya wastani hadi wastani. Akasema basi uwele, na nimtumie hela ya mbegu kabla ya Jumamosi.