Kiatu mbele ya kamera

Ndiyo natoka kituoni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, lakini acha niandike kabla sijasahau.

Kwa msiojua: hapa Winnipeg ndipo wanapoishi wenyeji asilia wengi kuliko mji mwingine wowote wa Kanada, zaidi ya 100,000 pamoja na viunga vyake, kwa sensa ya 2021. Wengi kwao ni kaskazini, na vijiji vingine huko barabara hupatikana majira ya barafu tu. Wakija mjini hukimbilia vituo vya urafiki, yaani vituo vya kijamii vya wenyeji hao. Cha kwanza hapa kilifunguliwa 1959.

Mimi najitolea tu. Kazi yangu: kuunganisha tableti na televisheni.

Leo darasa la kushona shanga lilikuwa nusu hapa, nusu kijijini. Mtandao ukasumbua, picha ikaganda, nami nikaanza kuhangaika na nyaya.

Bibi mmoja wa Kikri (moja ya jamii za wenyeji hao), kokum kama wanavyomwita, yaani bibi, akanisogeza kando. Akachukua kiatu chake cha ngozi kilichoshonwa shanga, akakishika karibu kabisa na kamera, akatulia tuli.

Picha iliporudi, binti wa kule akaanza kuhesabu shanga kwa Kikri, moja moja.

Kwenye ya saba akakosea.

Bibi akagonga meza kwa ukucha. Mara mbili. Hakusema neno.

Ukumbi mzima kicheko!

Nikamkumbuka bibi yangu Pangani, ukimpigia video anaweka simu sikioni. Mwaka wa nne huu naangalia sikio.

Haya, mlio mbali, wa kwenu wanashikaje simu? Leteni vituko 😂