Butiki ya mama, siku ya tatu: mstatili wa mita 60

Wiki hii sijasonga sana lakini angalau msingi umeshaonekana kwenye skrini. Kwa wale hawakufuata: mama anataka butiki ya mbao mbele ya parsele yetu hapa Goma, atauzia makala (mkaa wa kupikia) na unga, mita 3,60 kwa 4,20, na mie nimeng'ang'ana nichore plani kwenye AutoCAD, ile programu ya kuchora kwenye ordinatere, mbele fundi apigilie hata msumari mmoja.

Jumatatu jioni umeme ukarudi, nikasema njo saa yangu. Naandika REC, ile amri ya kuchora mstatili, nabonyeza kona ya kwanza, inaniomba kona ingine, naandika @3,60 na Enter, nilifikiri itaniuliza na urefu. Haikuuliza kitu. Naona tu kamstari kamesimama kama nguzo, nikafuta, nikarudilia, ile ile, nikaanza kulaumu mausi ya watu bule. Kupima ndio nikaona: 3 kwa 60! Kumbe kwake virgule (mkato) ni ya kutenganisha x na y, desimali inataka nukta, na sisi tangu primeri tunaandika 3,60, kidole kinaenda chenyewe. Basi ni @3.60,4.20, na ile @ maana yake hesabia kuanzia kona nimebonyeza, si kuanzia sifuri ya mchoro. Nimeiandika na biki kwenye kikaratasi nikagandisha pembeni ya skrini.

Jumatano unene wa ukuta, Offset 0.10, ile amri inachora mstari mwingine sambamba kwa umbali unaoutaja. Ujinga wangu: nilikuwa nimeshapiga Explode, amri ya kuvunja umbo vipande, mstatili umekuwa mistari minne, nasogeza mmoja mmoja na kona zinapishana. Ctrl+Z, nikarudi nyuma. Ukiacha mstatili mzima, klik moja tu ndani pande zote zinaingia pamoja.

Jumamosi fundi akakuja na kamba. Vijiti haviingii kwenye mawe ya volkano, tukafungia kamba kwenye mawe makubwa, kwa macho iko sawa kabisa. Akaniuliza, "Na ordinatere yako inasema kona kwa kona ngapi?" Nikaangalia: 5,53. Tunapima, upande huu 5,61, ule 5,45.

"Unaona, mdogo wangu, hii imelala. Kona zikiwa sawa, vipimo viwili vya kona kwa kona vinalingana."

Tukasukuma mawe mawili, tukapima tena, saa nzima na jua kichwani, mpaka zote mbili zikagonga 5,53.

Leo asubuhi mama ananiambia 3,60 ni kidogo, anataka 4.