Siku moja maishani mwangu: Jumanne ya wachora kanga, Kariakoo

Saa 11:15 alfajiri

Kimara bado giza. Napiga mswaki huku nasoma meseji ya mteja wetu mkubwa, tajiri mmoja wa Mtaa wa Uhuru, aliyoituma usiku wa manane: "Dada, Shaaban hiyo inaingia. Michoro iko wapi?" Huwa hasalimii. Shaaban kwetu ni mwezi wa harusi, watu wanawahi kabla ya mfungo, na shughuli ya uswahilini haifanyiki kwa kanga za mwaka jana. Anataka doti sita mpya, yaani jozi sita za kanga. Tunazo tano.

Kazi yangu ni kuongoza timu ya watu sita, mimi nikiwemo, tunaochora kanga. Nikimwambia mtu hivyo ananiuliza, "Kwani kanga zinachorwa?" Zinachorwa, mpenzi. Pindo la pembeni lina mwenyewe, mji, yaani mchoro wa katikati, una mwenyewe, jina, yale maneno yaliyoandikwa, nalo lina mwenyewe, na shida yote ya kazi yangu ni kuwafanya hao wenyewe wasikilizane.

Saa 12:20 asubuhi

Mwendokasi, nimesimama mguu mmoja. Tukifika kituo cha Urafiki huwa nageuza shingo hata kama sioni kitu: kiwanda cha nguo kilichoipa jina sehemu hii kilijengwa kwa msaada wa China na kikaanza kazi mwaka 1968. Nawaza wachoraji wa pale walikuwa wanabishania nini asubuhi kama hii.

Njiani nafanya utafiti wangu, yaani nasoma wanawake kwa nyuma. Naombeni radhi. Jina la kanga linakaa huko, nami nitasoma wapi?

Saa 2:05

Ofisi ipo ghorofa ya tatu, ngazi za kupanda kwa miguu, chini kuna duka la vyombo. Ndani kuna meza moja kubwa, kompyuta mbili, feni moja na ukuta mzima tuliotundika kanga.

Anayefika wa kwanza siku zote ni Babu Pindo. Hilo si jina lake, lakini hata mkewe akipiga simu anasema "nipe Babu Pindo." Anachora korosho na maua ya pembeni kwa penseli, na hajawahi kugusa kompyuta. Wa pili ni mama tunayemwita Bi Majina, Mzaramo wa Buguruni, ambaye akinuna huijui sababu mpaka uione imeandikwa kwenye mchoro. Halafu dada wa rangi, kijana wa kompyuta anayetenganisha rangi kwa ajili ya skrini za kiwandani, na binti wa fildi ambaye ana wiki ya tatu hapa na sauti yake nimeisikia labda mara nne, zote "shikamoo."

Nieleze kwa nini huyo binti ananinyima usingizi.

Mwaka jana nilipenda mchoro mmoja wa mawaridi. Niliubandika ukutani mwenyewe asubuhi, nikasema, "Jamani mnaonaje? Mimi naona huu ndiyo wenyewe." Wakasema safi sana dada. Ulichapwa, ukaenda dukani, ukakaa. Miezi minne mawaridi yangu yanapigwa vumbi kwenye shelfu. Nilipouliza tulikosea wapi, kijana wa kompyuta akajibu huku anaangalia kibodi: "Mawaridi makubwa mno dada. Ukishajifunga hayaonekani maua, yanaonekana madoa. Niliona tangu siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Si ulikuwa umeshasema wewe?"

Jibu lile nililichukua nikaenda nalo nyumbani. Mtoto aliyelelewa vizuri mjini hapa hambishii mkubwa mbele za watu, na mimi nilikuwa nawalipa mshahara watu waliolelewa vizuri, kisha nashangaa hawanibishii. Kuwaambia "kuweni huru, semeni chochote" hakusaidii. Nilijaribu. Wote walikaa kimya kwa heshima zote.

Saa 3:00

Kwa hiyo Jumanne hatuongei, tunaandika.

Mbinu yenyewe si yangu. Mjerumani mmoja, Bernd Rohrbach, aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1960: watu sita, kila mmoja na karatasi yake, anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, anaisogeza kwa jirani, anapokea ya mwenzake na kuongeza matatu mengine juu ya aliyoyakuta. Mizunguko sita, nusu saa, mawazo 108. Kabla yake Wamarekani waliamini sana mkutano wa kurusha mawazo kwa mdomo, mtindo alioutangaza Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vilivyokaa pamoja na watu waliofikiri kila mtu peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokaa peke yao walitoa mengi zaidi. Mimi sikushangaa. Mezani mmoja akiongea watano wanasubiri, na katika kusubiri lile wazo linaota mbawa.

Sisi tumeongeza sheria mbili. Kalamu zote ni za bluu, na kila mtu anaandika kwa herufi kubwa. Mara ya kwanza tuliandika kawaida, na mwandiko wa Babu Pindo unajulikana hata gizani. Karatasi yake ilizunguka meza nzima na kurudi imejaa "nakubali" na "hapo hapo Babu." Tangu siku hiyo, herufi kubwa. Bi Majina alicheka, akasema hata kanga yenyewe inaongea kwa herufi kubwa ili usijue ni nani anayesema. Babu akamrekebisha kwamba zamani haikuwa hivyo, bibi yake alikuwa na kanga zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Mada leo: doti ya harusi, iliyobaki.

Mzunguko wa pili napokea karatasi. Mstari wa juu umeandikwa, KANGA MOJA IULIZE, YA PILI IJIBU. Chini yake mtu mwingine ameongeza, KAMA KITENDAWILI NA TEGA.

Niseme ukweli, sikuipenda. Akilini nilishaona gharama, nikaona na tajiri anakunja uso. Kama ingekuwa tunaongea ningesema "wazo zuri, ila," na ile "ila" ingelizika pale pale. Lakini sheria inanikataza kukata, naruhusiwa kuongeza tu. Nikaandika, SWALI LA UMBEA, JIBU LA HESHIMA. Nikasogeza.

Saa 4:30

Chai, chapati. Kisha watu wawili wanatumwa mtaani. Kila Jumanne nachagua wawili ambao kazi zao hazikutani, washuke hadi Mtaa wa Uhuru warudi na majibu mawili kutoka kwa wauza kanga: jina gani limeisha wiki hii, na jina gani limegoma kutoka. Leo nimempeleka Babu Pindo na binti wa fildi. Walirudi baada ya saa nzima, binti amebeba mfuko wa Babu, Babu anamweleza kwa nini pindo la chini halipaswi kuwa zito kuliko la juu. Jina lililogoma lilikuwa refu mno, walisema. Mtu hawezi kulisoma lote kabla mvaaji hajapita.

Kuna pesa ningeweza kutumia kuwapeleka semina. Nauli ya miguu ni bure.

Saa 7:15 mchana

Wali maharage, mchicha, kwa mama ntilie wa uchochoroni. Tunakula wote meza moja, na kazi haizungumzwi, ila leo imezungumzwa. Dada wa rangi amesukuma sahani yake akasema, bila kumtazama mtu, "Kuna mtu akiona rangi yangu haifai anabadilisha usiku usiku."

Kijana wa kompyuta akajua ni yeye. Akajitetea kwamba rangi zilikuwa tano, bajeti ya kiwandani ni nne, kila rangi ina skrini yake, na alikuwa anaokoa muda. Alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi na amekosea, hali ambayo nadhani ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kwenye timu kama yetu. Dada naye akauliza, "Ungeniambia tu toa moja, mimi ndiyo najua ipi inatoka bila kuua nyingine. Wewe umetoa manjano. Umeacha nini sasa?"

Sikuamua kesi. Nikasema kuanzia leo mchoro ukifika kwenye kutenganisha rangi, viti vyao viwili vinakaa pamoja, hata kama ni nusu saa. Wamekubali kwa shingo upande. Nimelipa mimi, ikaisha.

Saa 8:40

Umeme umekatika. Feni imesimama, kompyuta zimelala, Kariakoo nzima imewasha majenereta. Tukafungua madirisha na kurudi kwenye karatasi za asubuhi. Kila mtu anaweka alama tatu kwa kalamu, kwa siri, anayeanza ni mgeni kuliko wote na mimi wa mwisho. Kanga iulizayo imeshinda. Mimi sikuipa hata alama moja, nakiri.

Kijana wa kompyuta akaja juu. "Haichapiki. Doti ni kanga mbili zinazofanana, zinatoka zimeungana, mteja anakata na kupinda mwenyewe. Ukitaka hii iandikwe hivi na ile vile, hiyo ni skrini nyingine ya jina, uchape mara mbili, uje uoanishe. Na doti iliyokatwa dukani mteja ataiona si mpya."

Kimya. Hapa ndipo mawazo mengi hufia, kwa sababu anayepinga ana hoja na anayependa ana hisia tu. Nikauliza, "Tusiseme haiwezekani. Tuseme ingewezekana kama nini?"

"Kama zote mbili zingekuwa kitu kimoja," akajibu. "Sasa zitakuwaje kitu kimoja na maneno tofauti?"

Babu Pindo akavua miwani. "Hivi doti inavaliwaje? Nivalieni niione."

Dada wa rangi akainuka, akachomoa mbili ukutani. Moja akajifunga kiunoni, ya pili akaitupa mabegani haraka haraka kwa lile joto, ikakaa kichwa chini, jina limelalia shingoni limepinduka. Akataka kuirekebisha.

"Usiguse," Babu akasema. "Simama hivyo hivyo."

Akachukua karatasi, akachora mstatili, uwiano wake kama sentimita 150 kwa 110 za kanga halisi. Jina chini, mahali pake pa siku zote, juu ya pindo. Kisha akaigeuza karatasi juu chini na kuandika jina la pili pale ambapo sasa palikuwa chini. Akatuonyesha. Akaizungusha. Ukiishika hivi inauliza. Ukiigeuza inajibu. Kanga ni ile ile, skrini ile ile, na doti haijakatwa. Kiunoni swali, mabegani jibu.

Kijana wa kompyuta aliitazama muda mrefu. "Mji lazima uwe hauna juu wala chini," akasema. "Ua likisimama litaharibu." Na dada wa rangi, bado amevaa: "Basi weka duara katikati, rangi tatu, tumeokoa moja." Wale waliokuwa hawasemeshani saa moja iliyopita.

Binti wa fildi akafungua mdomo. "Mie nilidhani mtanicheka." Hivyo ndivyo tulivyojua ni nani aliyeandika mstari wa kwanza. Babu akamjibu, "Tumekucheka, ila imetufaa," na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakohoa.

Bi Majina hakucheka. Alikuwa anaandika. Alitoa majina saba, matano siwezi kuyaweka hapa, watu wana ndoa zao. Tuliyoyachagua ni haya: swali, UMEMPATA WAPI? Jibu, AMENIJALIA MUNGU.

Saa 11:30 jioni

Umeme umerudi. Mchoro umeingizwa kwenye kompyuta, viti viwili vimekaa pamoja, nasikia wanabishana kuhusu zambarau kwa sauti za kawaida za kazi. Faili letu lina ukurasa wa mwisho wenye majina ya wote waliogusa mchoro na walichofanya. Jina la binti limeandikwa la kwanza. Mchoro ukinunuliwa, bonasi inafuata ukurasa huo, maana sifa bila hela mjini hapa hazilipi nauli.

Nimemtumia tajiri picha mbili, moja wima, moja imegeuzwa. Tiki mbili za bluu. Kimya.

Saa 2:10 usiku

Nyumbani. Mama yuko barazani anachambua mchele wa kesho kwa tochi ya simu. Nimempa karatasi ya mchoro bila kumwambia kitu. Ameisogeza mbali na macho, ameisoma taratibu kwa sauti.

"Umempata wapi." Akanyamaza. "Na huku juu mbona mmeandika kichwa chini, mwanangu? Mmekosea."

Sikumjibu. Akaigeuza mwenyewe. Akasoma. Akairudisha ilivyokuwa, akasoma tena, akaigeuza tena, mchele umesahauliwa mapajani.

"Hii usinipe mimi," akasema. "Kampe shangazi yako, yule aliyeuliza siku ya harusi yako."